Glock ya kiunoni kila siku: triga ibadilishwe au iwachwe?

Msomaji wa hapa Unguja kaniuliza, nimelikata kidogo swali lake maana lilikuwa refu: "Assalaam alaykum maalim. Mie nna duka la vifaa vya ujenzi Mwanakwerekwe, usiku narudi Fuoni na mauzo ya siku mkobani. Nna bastola ya Glock 19 ya leseni, Gen4 (toleo la nne), naibeba kila siku mwaka wa pili huu. Nikenda kupiga shabaha risasi zangu zote zinakwenda chini kulia, na mie natumia mkono wa kushoto. Binamu yangu alie Ohio, Marekani, kanambia tatizo ni triga ya kiwandani, nzito, akija Eid atanletea seti ya triga nyepesi na springi zake kwenye begi, na tochi ya kufunga mbele, na kile kioo cha kulengea chenye doti nyekundu, na kibati cha nyuma chenye picha ya fuvu. Nibadilishe au niiwache?"

W'alaykumu salaam mdogo wangu. Jibu la haraka ili usikae roho juu: vya ndani usiguse hata kimoja, vya nje viwili vitatu ruksa, na hiyo chini kulia yako wallahi haina uhusiano na kiwanda.

Tuanze na hapo hapo, maana ndo palipokutia mashaka. Mtu wa mkono wa kulia akiwa na ugonjwa huu risasi zake zinakwenda chini kushoto, wee wa kushoto zinakwenda chini kulia, ugonjwa ni ule ule. Mkono unajua mshindo unakuja, sasa unaupokea kabla haujafika, vidole vyote vinakaza pamoja na kile cha triga na kifundo kinainama, kama mtu alokaa mbele ya ngalawa anavofumba macho kabla wimbi halijampiga usoni. Kama huniamini fanya hivi, siku nyengine ukenda shabaha mwambie mwenzako akujazie magazini yeye, achanganye risasi za bandia mbili tatu humo bila wee kujua ziko wapi. Ukifika kwenye ya bandia bastola haitopiga, na hapo tizama mdomo wa mtutu. Ukiona umeinama wenyewe kama kichwa cha mtu anaesinzia kwenye khutba, basi ushajua mgonjwa ni nani.

Sasa kweli triga nyepesi itapunguza hilo, sitaki kusema uongo. Triga ya Glock ya kawaida inataka nguvu ya kama kilo 2 na nusu hivi, na bastola yenyewe ikiwa imejaa risasi haifiki hata kilo moja, kwahivyo kidole chako kinavuta kwa nguvu zaidi ya mara mbili ya uzito wa chombo ulichokishika, usipovuta sawa sawa lazima itikisike. Wapiga shabaha wa mashindano wanazipunguza triga zao na wako sahihi. Lakini wale bastola inatoka kwenye mkoba ikielekea karatasi, nyuma yake kuna refa, hakuna mtoto anaekatiza, na kila wanapoitoa wanaitoa ili wapige. Wee unaibeba siku 365 na Mungu akitaka hutoipiga hata siku moja. Na hata siku ukiitoa, tuseme mtu kakutokea uchochoroni na panga, umeitoa, kaiona, kageuka anakimbia au kalitupa panga chini. Hapo sasa bastola iko mkononi, moyo unapiga kama ngoma, jasho linakutoka, na kazi yako katika nukta ile ni KUTOPIGA. Yaani triga ya bastola ya kubeba sharti iwe nzuri kwa kutopiga kabla ya kuwa nzuri kwa kupiga, na hili binamu yako hajakwambia.

Mwili ukiingia khofu unafanya mambo bila kukuuliza. Damu inakimbilia misuli mikubwa, vidole vinakuwa vizito kama umevaa glavu, mguso mdogo huuhisi tena. Triga ya kilo moja na nusu ambayo siku ya shabaha ulikuwa unaihisi vizuri, usiku ule hutoihisi kabisa mpaka uskie mshindo. Na kuna jengine, mikono hii miwili inaigana, ukimvuta mkeo kwa mkono mmoja au ukishika mlango usianguke, mkono wa pili nao unakaza bila kuamriwa. Ukijikwaa vivyo hivyo. Ndo maana waalimu wote wanapiga kelele kidole kikae nje ya triga mpaka umeamua, lakini mtu alie na khofu anasahau jina la mamaake seuze kidole.

Glock yako haina sefti (kizuizi cha usalama) ya kubonyeza kwa dole gumba, hilo unalijua. Ina sefti tatu na zote zinaondoka kwa kuvuta triga: ile ya kiulimi kilichopo katikati ya triga yenyewe, ile ya kijiti kinachozuia pini inayogonga risasi isende mbele, na ile inayozuia isifyatuke ikianguka. Aliebuni, Gaston Glock, bwana wa Austria ambae kabla ya hapo alikuwa hajatengeneza bastola hata moja, aliipeleka kwa jeshi la kwao na likaichukua mwaka 1982, na hesabu yake yote ilikuwa kwamba urefu wa mvuto na uzito wa ile triga ndo sefti ya mwisho. Vile vipande vinategemeana kama vigae vya paa. Ile pini inarudishwa nyuma na mkono ule ule unaosogezwa na triga, na mkono huo huo ndo unaonyanyua kile kijiti cha sefti. Ukibadilisha pembe ya kipande kimoja, au ukaweka springi laini ya pini, umegusa mambo matatu kwa mpigo na wewe umekusudia moja.

Na springi ya pini ndo khasa nataka uiskie. Seti nyingi za triga nyepesi zinapata wepesi wake kwa kulainisha springi ile, pini inapiga kwa nguvu ndogo, na risasi yenye kiberiti kigumu (kile kidude cha nyuma kinachogongwa na pini) inagoma. Binamu kule Ohio labda ataona moja inagoma shabaha, atacheka, atakoki tena. Wee risasi zako zinakaa kwenye unyevu wa hapa, zimeonja masika na jasho lako la kiunoni, unataka pini igonge kama nyundo ya fundi boti, sio kama mtu anaebisha hodi kwa mkwe.

Ngoja nikwambie langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana karakana ya silaha, nshajiona fundi, akaja mkubwa mmoja na bastola yake ya zamani yenye nyundo ya nje, anataka triga laini. Nikatoa jiwe la kunolea nikaisugua ile sehemu inayoishika nyundo, nikaisugua nikaisugua mpaka ikawa tamu kama siagi, jamaa akafurahi akanipa na pesa ya soda. Nilichokuwa sikijui ni kuwa chuma kile kimekazwa ngozi ya juu tu, ndani ni laini, na mie ile ngozi nilishaimaliza. Baada ya miezi michache ikaanza kulika yenyewe. Siku moja uwanjani kapiga risasi moja zikatoka mbili, ya pili ikaingia mchangani hatua mbili mbele ya mguu wake. Hakuumia mtu alhamdulillahi. Lakini mie mpaka leo nikiona mtu na jiwe la kunolea karibu na bastola tumbo linanikata.

Na usidhani haya ni ya mafundi wa uchochoroni tu. SIG, kampuni kubwa ya bastola, mainjinia kibao, mwaka 2017 ilibidi watangaze kuzifanyia marekebisho bure bastola zao za P320 za kiraia kwa sababu zikianguka kwa pembe fulani zilikuwa zinaweza kufyatuka zenyewe. Marekebisho yenyewe yalikuwa nini? Miongoni mwake triga yenye uzito mdogo wa chuma chake, maana ilikuwa nzito kiasi kwamba bastola ikigonga chini triga inaendelea na safari peke yake. Gramu chache tu. Sasa kama wao walikosea gramu wakiwa na maabara, seti ya triga ya dukani ambayo hujui nani kaijaribu kuiangusha kwenye saruji, unaiamini kwa lipi? Na ziko triga zinauzwa za aluminiamu, za rangi nyekundu nzuri kama pipi, kile kiulimi cha katikati kinakwama na mchanga. Sisi na mchanga ni ndugu.

Isije ikafahamika kwamba nasema nzito zaidi ndo bora. Polisi wa New York walikuwa wanatumia triga za zaidi ya kilo 5 kwenye Glock zao ili zisifyatuke kwa bahati mbaya, halafu tarehe 24 Agosti 2012 nje ya jengo la Empire State askari wawili wakapiga risasi 16 kumzuia muuaji mmoja, wakajeruhi wapita njia 9. Si triga peke yake ilofanya vile, umati ulikuwa karibu na askari walikuwa na sekunde chache, lakini watu wengi wakaanza kuuliza kama kilo 5 hazimfanyi askari akose. Kwahivyo kilo 2 na nusu ya kiwandani wala si bahati mbaya, ni mahala pa katikati ambapo wengi wameishia baada ya kuumizana.

Sasa sheria, na hapa naomba usome polepole.

Leseni yako imeandikwa bastola ile, aina yake, namba yake. Vipuri vya bunduki sio vitenge, havipakiwi kwenye begi. Huko Marekani kuna sheria za kusafirisha vipuri vya silaha nje ya nchi, na huku kwetu kuingiza kunataka kibali, na kuifanyia kazi silaha ni ya fundi mwenye leseni ya kazi hiyo. Binamu akishikwa uwanja wa ndege na springi tatu na kibati cha fuvu, Eid ataila mahabusu na wewe utaitwa ukatoe maelezo, na leseni uloihangaikia itaondoka hivi hivi. Kabla hujagusa chochote, hata kile nitakachosema ruksa chini hapa, nenda kaulize walokupa leseni, uliza kwa maandishi, hifadhi jibu.

Halafu kuna siku ya siku. Mungu apishie mbali, lakini ukimpiga mtu itakuwa kesi, hata kama alikuwa na panga, na faili litafika kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Huku kwetu hatuna juri (raia wanaokaa kuamua kesi) kama Marekani, atakaa jaji na karatasi. Ataangalia khatari ilikuwa ya kweli au ya kudhania, na nguvu ulotumia ililingana na khatari ile au ilizidi. Utetezi wako wote unasimama juu ya neno moja, niliamua. Niliona panga, nikaogopa roho yangu, nikaamua kupiga. Sasa bastola itapelekwa kwa mtaalamu wa silaha, ataifungua, atakuta triga imepunguzwa. Upande wa pili hawana haja tena ya kusema wewe muuaji, watasema huyu bwana wala hakuamua, kidole kilimponyoka kwa sababu ya triga alojiwekea mwenyewe, huu ni uzembe. Na kujihami kwa bahati mbaya hakuna, ama ulijihami ama ilikuponyoka, huwezi kusimama mote mbili. Ikiwa ya kiwandani, mlango ule umeufunga. Mie si wakili, ongea na wakili wako, lakini nimekaa kwenye mabenchi ya mahakama kutoa maelezo ya kitaalamu mara za kutosha na maswali huwa ndo haya.

Kibati cha fuvu sitaki hata kukizungumza sana. Mesa, Arizona, Januari 2016 polisi alimpiga mtu risasi hotelini, mtu hana silaha anatambaa chini, na bunduki ya yule polisi ikakutwa imechorwa maneno ya matusi kwenye kifuniko. Jaji aliamua juri wasiyaone maneno yale na polisi akaachiwa Disemba 2017, sawa, lakini dunia nzima mpaka leo inakumbuka matusi yale kuliko jengine lolote kwenye kesi. Wewe mfanyabiashara wa saruji na misumari unataka fuvu la nini. Mwambie aje nalo alibandike kwenye friji lake.

Doti nyekundu ni kitu kizuri na siku za mbele wengi watakuwa nayo, macho yangu mie ya uzee yanaipenda sana. Lakini slaidi yako (ile sehemu ya juu ya chuma inayorudi nyuma) kama si ile iliyotoka kiwandani imekatwa tayari kuifungia kioo, itabidi ichongwe, na hapo turudi kwenye leseni na fundi. Jengine la hapa hapa: umekaa kwenye gari lenye AC, bastola imepoa, umeshuka Mwanakwerekwe saa mbili usiku mwezi wa Machi, kioo kinaingia ukungu papo hapo kama miwani. Huoni doti, huoni na kilicho nyuma ya doti. Betri nayo ni ya kuikumbuka, na wewe hata ya rimoti huikumbuki, usinikatalie.

Badala yake chukua chupa ya rangi ya kucha ya mkeo, ya chungwa au njano kali, muombe kwanza. Ile alama ya mbele ya kulengea itie nukta ya nyeupe chini ikauke, halafu rangi juu yake. Ile ya nyuma ipake nyeusi yote ufute ule mchoro mweupe wa kiwandani. Jicho litakwenda mbele lenyewe. Ikibanduka unapaka tena. Alama zinazong'aa gizani zenye gesi ya tritiamu ni nzuri pia, ila ujue tritiamu inapoteza nusu ya nguvu yake kila miaka 12 na kitu, kwahivyo ukiuziwa za mkono wa pili unauziwa kiza.

Tochi ya kufunga mbele, hapana. Si kwa sababu ya sheria, ila kwa sababu kila kitu utakachotaka kukimulika itabidi ukielekezee bastola, na aliegonga mlango usiku huenda ni mwanao alochelewa mpira. Siye tulokuwepo hapa umeme ulipokatika kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima kiza, tunajua thamani ya tochi. Nunua tochi nzuri ya mkononi, ishike mkono wa kulia, na utaitumia kila siku, bastola hutoitumia.

Mshiko: Gen4 kwenye boksi lake inakuja na migongo ya kubadilisha, mikubwa na midogo, jaribu ipi kidole chako kinafika kwenye triga kwa ncha na sio kwa kifundo, hilo peke yake linaweza kukupunguzia ile chini kulia. Ikiteleza kwa jasho kata kipande cha tyubu ya baiskeli uivishe, haina ufundi wala gharama. Kuyeyusha plastiki kwa pasi ya kulehemu ili iwe na vidoti, kama wanavofanya kwenye video, hapana, hairudi nyuma ile, na kibati cha namba ya silaha kiko kwenye plastiki hiyo hiyo. Na kwa vile wewe wa kushoto, Gen4 kitufe cha kuachia magazini kinahamishika upande wa pili, kiwanda kimekusudia hivyo, sehemu ni ile ile inageuzwa tu. Mpelekee fundi mwenye leseni akugeuzie mbele ya macho yako. Haya ndo marekebisho unayoyahitaji kweli na binamu hakuyataja, kwa sababu yeye wa kulia.

Sasa nikwambie adui wa bastola yako ni nani. Chumvi. Mtu wa Ohio hawezi kuijua chumvi hii, msumari uliouuza mwezi wa pili mwezi wa nne umeshakuwa mwekundu, na wewe unauza misumari unajua. Slaidi ya Glock imekazwa ngozi kwa dawa kali na inastahamili kutu kuliko nyingi, lakini vijipini, springi ya magazini, kitasa cha slaidi, na alama za kulengea kama ni za chuma, hivyo vyote vinakula kutu kimya kimya. Bastola inakaa ubavuni, jasho linapita juu yake kutwa, jasho nalo ni chumvi. Ukifika nyumbani ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kila siku, kama unavopiga mswaki. Wiki mara moja ifungue. Mafuta ya silaha kidogo sana, matone tu, mafuta ya nazi hapana, yanaganda na kunuka na kufanya gundi, nshafungua bastola ya mzee mmoja Pemba ndani mnanuka bajia. Na kile kishimo inamopita pini kiwe kikavu kabisa, usitie mafuta humo, yanashika vumbi na pini inakwenda kwa uvivu. Usiilaze kwenye mkoba wa ngozi usiku, ngozi inanyonya maji na ina dawa zake za kulainishia zinazokula chuma. Ilaze kwenye kisanduku cha kufuli, pamoja na vile vipakti vya kukausha unyevu vinavokuja na viatu.

Na risasi. Naona wengi wanafanya kosa hili, kila usiku wanaitoa ile risasi ya chemba (iloko tayari ndani ya mtutu), asubuhi wanairudisha ile ile kwa kukoki. Kila ukikoki kichwa cha risasi kinagonga njia na kinarudi ndani ya ganda kidogo kidogo, huoni kwa macho. Siku ukiipiga nafasi ya ndani imepungua, msukumo umepanda, inaweza kukupasukia mkononi. Iweke ile risasi karibu na mpya uzilinganishe urefu, ikiwa fupi weka pembeni usiipige. Afadhali usiwe unaitoa toa ovyo, na kila baada ya miezi kadhaa risasi za kubeba zipige shabaha ununue mpya.

Sasa kanzu. Hukunambia unavaa nini lakini mie najua Ijumaa unavaa kanzu, na nimeona watu kwa macho yangu wanatia bastola mfuko wa kanzu pamoja na funguo na tasbihi. Yakhe! Funguo moja ikiingia kwenye triga, hata hiyo ya kilo 2 na nusu, ukikaa vibaya kwenye kiti cha gari inatosha. Na ukiwa na triga ya binamu, tasbihi peke yake inatosha. Bastola isiyo na sefti ya dole gumba sharti ikae kwenye kifuko kigumu kinachofunika triga yote, kifuko kimefungwa kwenye mkanda mgumu, mkanda kwenye suruali, suruali ndani ya kanzu, na fundi cherahani akuwekee mpasuo wa ubavu upande wa KUSHOTO ambao mkono unapita moja kwa moja, maana kanzu yenyewe ndefu huwezi kuipandisha mpaka kiunoni na mtu ana panga mbele yako. Jaribu nyumbani bila risasi utaona kazi yake. Ila msikitini usende nayo. Rukuu inakuchoma tumbo, sijida inateleza, na nyuma yako kuna mtoto wa miaka sita anaetizama kila kitu. Iache kwenye kisanduku nyumbani, Ijumaa duka umefunga, mauzo ya nini.

Pesa ulotaka kutumia kwa triga nunulia risasi za mazoezi. Na nyumbani fanya hili kila usiku dakika kumi: risasi zote zitoe (na ile ya chemba usiwe unairudisha ile ile kila siku), zipeleke chumba chengine, angalia chemba kwa jicho na kwa kidole mara mbili, elekeza kwenye ukuta wa matofali ambao nyuma yake hakai mtu. Weka sarafu ya shilingi 200 juu ya slaidi karibu na alama ya mbele, vuta triga polepole mpaka ilie, sarafu isianguke. Siku za mwanzo itaanguka kila mara na utaniapiza. Baada ya mwezi utaona triga imekuwa nyepesi na hakuna alobadilisha kitu. Ukirudi shabaha changanya tena risasi za bandia, nambie mtutu unainama au umetulia.

Na binamu usimvunje moyo, anakupenda. Mwambie akuletee kifuko cha plastiki ngumu cha Glock 19, kinachofunika triga, cha kufungwa mkandani. Cha mkono wa kushoto, umwandikie kwa herufi kubwa, maana duka la kule usiposema watampa cha kulia.